Ya moto au ya baridi?

Mgeni anayeingia baa ya Tukuyu jioni ya mwezi Juni, ukungu ukiwa umeshashuka hadi barabarani, hukutana na swali kabla hajavuta kiti: "Kaka, ya moto au ya baridi?" Asiyeizoea Tanzania anaweza kudhani mhudumu anazungumzia chai. Bia "ya moto" haikupashwa popote. Ni chupa iliyotolewa kwenye kreti badala ya friji, na kwa baridi ya Tukuyu kreti nalo ni friji tosha. Wenyeji wengi huitikia "ya moto" huku wakisugua viganja, na mambo yanaishia hapo.

Yanaishia hapo kwa mgeni. Kwa mwenyeji ndiyo kwanza yanaanza, kwa sababu huko vilimani, Igogwe na kwingineko katika nchi ya Wanyakyusa, iko pombe ya moto kweli, yenye kutoa mvuke. Jina lake kimpumu. Ni pombe ya ulezi, nzito, inayokaa chunguni, ikamiminiwa maji ya moto, kisha watu wakaizunguka kila mmoja na mrija wake. Haina lebo wala kizibo, hotelini haipo, na mtalii anaweza kumaliza wiki nzima Rungwe, akapanda hadi Ziwa Ngozi, akapiga picha kwenye Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, akarudi kwao bila kujua kwamba kuna kitu kama hicho.

Hilo ni kosa, na si la mtalii peke yake.

Watu wa mbali wanaoijua Igogwe wanaijua kwa hospitali yake ya misheni ya Kikatoliki. Wanafika kumwona mgonjwa, au wanapita wakielekea Ziwa Nyasa, wanalala mjini, na jioni wanaagiza chupa ileile waliyoinywa juzi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 nyuma. Kwa chakula hawafanyi hivyo. Mtu akifika Tukuyu atauliza ndizi za huku zinapikwaje, atabeba maparachichi kwenye mfuko, atanunua majani ya chai ya Rungwe apeleke nyumbani. Ikifika zamu ya kinywaji, udadisi wote unazimika na kidole kinaelekea kwenye friji.

Chupa zenyewe zina majina ya kusafirisha moyo: Safari, Kilimanjaro, Serengeti, Ndovu. Kanda ya Ziwa wana Balimi, yaani wakulima. Majina ni ya nchi nzima, lakini ladha ni ya ukoo mmoja. Karibu zote ni laga za rangi ya dhahabu, wajukuu wa bia aliyoipika Josef Groll, mpishi kutoka Bavaria, mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Ukoo huo uliingia Afrika Mashariki pamoja na walowezi. Nairobi kiwanda kilianza mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na tembo porini. Ndipo likazaliwa jina la Tusker, dume la tembo lenye pembe kubwa. Dar es Salaam ilipata kiwanda chake mwaka 1933. Mwaka 1993 serikali ya Tanzania iliingia ubia na South African Breweries, na leo Mbeya nayo ina kiwanda.

Mpishi wa kiwandani ana fahari yake: chupa ya Mbeya na chupa ya Mwanza zisitofautiane hata kidogo. Ni ustadi mkubwa, na mtu aliyechoka na safari ana haki ya kunywa kitu anachokijua. Lakini ustadi huo ndio unaomnyima msafiri kile alichokifuata. Kinywaji kilichotengenezwa ili kifanane kila mahali hakiwezi kumweleza mtu yuko wapi.

Kimpumu kinaweza. Kuanzia nafaka yenyewe, kinamweleza. Ulezi huloweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa, ukasagwa. Huo ndio kimea. Mbegu inapochipua huamsha vimeng'enya vyake, navyo hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. Groll alifanya hivyohivyo kwa shayiri. Tofauti inaanza mwishoni: Plzeň walichuja mpaka bia ikapitisha mwanga, Unyakyusa waliacha machicha yabaki chunguni na kazi ya kuchuja wakaipa mrija. Mnywaji ananyonya, machicha yanabaki, maji ya moto yanaongezwa, ladha inapanda tena. Chungu kimoja huongezwa maji mara nyingi kabla hakijapwaya, na kila mzunguko una utamu wake. Wa kwanza ni mkali na wenye uchachu; wa mwisho unakaribia uji mwepesi wa mtoto.

Kunywa kwa mrija si ushamba wa milimani. Mihuri ya mawe iliyochimbuliwa kwenye makaburi ya Uru, kusini mwa Iraki ya leo, inaonyesha watu wameketi wakinyonya bia kwa mirija mirefu kutoka kwenye mtungi, na mihuri hiyo ina zaidi ya miaka 4,000. Waiteso wa Uganda na Kenya wana ajono, ambayo Kampala inaitwa malwa: ulezi, chungu katikati, maji ya moto, mirija mirefu kama fimbo za uvuvi. Msafiri aliyekaa kwenye chungu cha Soroti akija Rungwe hatahitaji kufundishwa kitu, isipokuwa salamu.

Salamu zina uzito, kwa kuwa chungu hakinywewi na mtu mmoja. Katikati ya miaka ya 1930 wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica kutoka Afrika Kusini, waliishi Unyakyusa. Waliyakuta maisha yakizunguka jambo moja ambalo Wanyakyusa wanaliita ukwangala: kukaa na wenzako, kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza mpaka maneno yatoshe. Vijana wa rika moja walihama nyumba za wazazi wakajenga kijiji chao, waingie utu uzima bega kwa bega. Monica Wilson alipochapisha kitabu mwaka 1951 juu ya vijiji hivyo vya rika, alikipa jina lenye maana hiyohiyo ya ukwangala, kwa Kiingereza. Vijiji vya rika vimekwisha. Chungu kimebaki, na kwenye chungu ukwangala bado unaonekana kwa macho: duara la watu ambao mikono yao yote inaelekea mahali pamoja.

Hapo ndipo penye sababu ya kimpumu kutoingia kwenye chupa. Mtu akikijaza kwenye chupa, akakitia gesi, akakipeleka Dar es Salaam, atakuwa amebeba ulezi na kuacha pombe. Wanaotaka kukijua itabidi wakifuate kilipo.

Wala si kimpumu pekee kinachodai kufuatwa. Kutoka Tukuyu, barabara ya kusini inateremka hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Ng'ambo ya Mto Songwe kuna bia inayoitwa Kuche Kuche, na Mswahili hahitaji kamusi kuelewa kwamba jina hilo linawataka watu wanywe mpaka kuche. Malawi pia ndiko Carlsberg ya Denmark ilikofungua, mwaka 1968 mjini Blantyre, kiwanda chake cha kwanza nje ya Denmark. Kwa miongo kadhaa Wamalawi waliiita bia hiyo "green" kwa rangi ya lebo, wakaifanya yao kana kwamba ilizaliwa kando ya ziwa. Na kwenye maboksi ya karatasi wanauza Chibuku, ambayo mnywaji huitikisa kabla ya kufungua kwa sababu unga umetuama chini, na ambayo huendelea kuchachuka ndani ya boksi, hivi kwamba ya leo na ya keshokutwa si pombe moja.

Barabara ya kaskazini mashariki ina zawadi nyingine. Kuanzia Njombe hadi Iringa, mvua zikinyesha, kando ya barabara hupangwa ndoo na madumu ya ulanzi. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akafunga chombo chini yake, akarudi asubuhi na jioni kulikata tena ili lisifunge. Majimaji yanayodondoka ni matamu, na hapo huitwa mtogwa. Yakilala usiku mmoja yanaanza kuuma ulimi, yakilala miwili yanaangusha mtu. Ulanzi hauna subira na wenye lori. Mtu wa Dodoma anayedai amekunywa ulanzi bila kufika Nyanda za Juu Kusini amekunywa siki.

Na saida? Neno hili limeingia kwenye baa za Tanzania pamoja na chupa za Savanna kutoka Afrika Kusini, zilizoanza kuuzwa mwaka 1996 na zinazopendwa na wengi ambao uchungu wa bia hawautaki. Saida ni maji ya tufaha yaliyochachuka, basi. Mtu akishalijua hilo, ramani ya Afrika Mashariki inabadilika mbele yake, maana watu wa huku wamekuwa wakichachusha matunda tangu zamani, ila hawakuwa na matufaha. Bukoba wana rubisi, ndizi mbivu zilizokamuliwa na kuchanganywa na mtama. Kilimanjaro wana mbege: ndizi zilizochemshwa mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa siku kadhaa, zikakutana na uji wa ulezi, na gome la msesewa likatoa uchungu unaofanya kazi ile ya majani ya hopu kwenye bia ya Ulaya. Mtwara na Lindi, msimu wa korosho, mabibo ambayo yangeoza chini ya mikorosho hukamuliwa yakawa uraka. Arusha, kampuni ya Banana Investments imeiweka pombe ya ndizi kwenye chupa na kuiuza kwa jina la Raha. Wilaya ya Rungwe, inayopakia ndizi kwenye malori karibu kila siku, inaagiza saida ya matufaha ya Afrika Kusini.

Wenzetu wa Asturias, kaskazini mwa Hispania, wanajua kutumia walichonacho. Mhudumu wa huko huinua chupa ya saida juu ya kichwa, akashusha glasi hadi usawa wa nyonga, akamimina bila kutazama. Saida inagonga ukingo wa glasi, inatoa povu, na mgeni anainywa papo hapo, funda moja, kabla haijapoteza uhai. Tone linalomwagika sakafuni ni sehemu ya mchezo. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka utamaduni huo wa saida kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingia mwaka 2016. Watu huvuka bahari kwenda kunywa huko, wanalala, wanakula, wanaacha fedha. Hakuna aliyemwambia Mbelgiji kwamba pombe ya kijijini kwao ni ya walevi.

Hapa wapo watakaokunja uso, na wana hoja. Pombe za kienyeji zimeua watu. Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya msibani. Mwanzoni ilisemekana imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha mambo mengine: unga wa mahindi ulikuwa umeharibiwa na maji ya mafuriko, na ndani yake walikuwamo bakteria wanaotengeneza sumu. Kenya, mwezi Mei 2014, makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Nyumbani, Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, kuanzia Machi 1, 2017, baada ya vijana na hata wanafunzi kuvigeuza pipi.

Visa hivi vinafundisha, ila vifundishe kinachostahili. Chitima tatizo lilikuwa unga ulioharibika. Kenya ilikuwa kemikali ya kiwandani iliyotiwa na watu wenye tamaa. Viroba vilitoka kwenye mitambo, vikiwa na lebo. Hakuna hata kimoja kinachomtia hatiani mama anayeotesha ulezi wake mwenyewe na kuchemsha maji mbele ya wateja. Sheria yenyewe inalijua hilo: Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliipa pombe ya kienyeji nafasi yake na leseni yake, na lililopigwa marufuku ni gongo, pombe kali ya kukenekwa. Kilabu cha pombe ya kienyeji si pango la wahalifu. Ni biashara halali, na kwa sehemu kubwa ni biashara ya wanawake, iliyolipa ada za shule za watoto wengi ambao leo wamevaa tai na kuona haya kutaja pesa ilitoka wapi.

Haya hiyo ndiyo inayoua kimpumu kuliko ushindani wa laga. Msomi akirudi likizo kijijini anakaa baa, kwenye viti vya plastiki, aonekane amefanikiwa. Wazee wanabaki kilabuni. Ulezi nao unapungua shambani, kwa sababu parachichi na viazi vinalipa zaidi. Chungu kikikosa vijana na kikakosa nafaka, mapishi yanakufa na bibi aliyeyajua.

Kinachotakiwa hakihitaji mradi wenye gari la nembo. Kilabu kinahitaji maji safi, paa lisilovuja, choo, na mahali pa kuoshea mirija. Mpishi anahitaji afisa wa afya anayekuja kumshauri kabla ya kumtoza faini. Waongoza watalii wa Tukuyu wanahitaji kituo kimoja zaidi kwenye ratiba yao: wakishuka Ngozi, wakitoka vivutio vya Kijungu au Ziwa Masoko, wapite kijijini saa za alasiri na wamweleze mgeni kinachopikwa na kwa nini. Anayepika alipwe bei ya haki, ileile anayolipa jirani, au zaidi kidogo kwa maelezo. Wasitengeneze kijiji cha maonyesho chenye ngoma ya saa kumi kamili. Mgeni aje wakati chungu kipo, na kama hakipo aambiwe hakipo.

Msafiri naye ana wajibu. Aache gari kwa asiyekunywa, maana milima ya Rungwe ina kona na ukungu wake hauna huruma. Aulize pombe imepikwa lini na kwa unga gani. Mpishi mzuri hafichi. Asipige picha za watu walioketi kwa raha zao kana kwamba ni swala. Aonje kidogo, apumzike, aonje tena. Na asiyetumia kileo, kwa dini au kwa afya, aombe togwa ya ulezi, inayotoka kwenye kimea kilekile kabla hakijafika mbali. Walokole wengi wa Rungwe hufanya hivyo na hawapungukiwi na mazungumzo.

Mabadiliko fulani yameanza pembeni. Dar es Salaam kuna Crafty Dee's, kiwanda kidogo cha bia kinachothubutu kupika bia zenye rangi na harufu tofauti na laga, na Nairobi wapo wanaotengeneza saida kwa nanasi, embe na tangawizi. Vijana wa mjini wanalipa bei kubwa kuonja glasi ndogo ndogo za ladha nne na kuzijadili. Siku mmoja wao akifikishwa Igogwe atashangaa kukuta watu waliokuwa wakifanya hivyo tangu enzi za babu zao, kwa chungu kimoja na bila kadi ya benki.

Atafika wakati baridi imeanza kuuma. Atasalimu, "Ugonile," kwa lafudhi itakayowachekesha watu, na nafasi itapatikana kwenye benchi. Atapewa mrija, atanyonya kwa pupa, ataungua ulimi. Mzee wa pembeni atamwonyesha jinsi ya kuvuta polepole. Ladha ya kwanza itakuwa ngeni: chachu, moshi kidogo, nafaka, kitu kama mkate ambao haujaiva. Ya tatu haitakuwa ngeni tena. Ataulizwa kwao ni wapi, ameoa, kwao wanalima nini, wanakunywa nini, nayo inapikwaje, na atagundua kwamba swali hilo la mwisho hawezi kulijibu. Kisha mama mwenye chungu atatoka jikoni na birika linalofuka, asimame nyuma yake.

"Sogea kidogo, mwanangu. Nataka kuongeza maji."